Ndugu wa Chupa Moja

Mama mwenye nyumba alibisha Jumamosi asubuhi, nikiwa nimesimama mbele ya sufuria ya uji mzito wa unga wa mahindi, sukari na hamira. Nilipofungua mlango hakunisalimia. Alivuta hewa puani, akanusa tena, kisha akachungulia nyuma yangu hadi jikoni.

"Mwalimu," akasema, "unapika pombe kwa nyumba yangu?"

Nikamwambia si pombe, ni chakula cha nzi.

Akanitazama kama mtu aliyepewa jibu baya kuliko lile aliloliogopa. "Nzi gani hao wa kupikiwa?"

Nilikuwa nimepanga kwake Kitengela tangu mwaka uliotangulia. Yeye na binti yake mdogo walikaa chini, mimi nikakaa juu. Nilifundisha bayolojia katika shule moja ya upili pale mjini, na wakati huohuo nilisomea shahada ya uzamili Nairobi. Utafiti wangu ulihusu nzi wa matunda, wale wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kisha maabara yetu ikafungwa ili paa litengenezwe, na kila mwanafunzi akaambiwa aondoe vitu vyake. Mimi niliondoka na kreti za chupa za nzi na hadubini ndogo aliyoniazima msimamizi wangu. Chupa zikachukua chumba cha kulala, mimi nikahamia kwenye kochi la sebuleni.

Sikuwa nimemwambia mama mwenye nyumba kwa sababu sikujua ningeanzia wapi. Mtu akikuambia anafuga kuku utamwelewa. Anayefuga nzi utamwombea.

Nilimkaribisha ndani. Aliingia akiwa ameshika kitenge chake kwa mbele, kana kwamba kuna kitu kingemrukia. Alipoona chupa zimepangwa ukutani, kila moja imezibwa kwa pamba, na ndani yake vidoa vidogo vinatembea, alirudi nyuma hatua moja.

"Hawa wakitoka wataleta kipindupindu."

"Hawatoki, Mama. Na hawa si wale wa choo. Hawa hula hamira ya matunda tu. Nimewatoa pale soko la Kitengela, kwa wauza ndizi."

"Umetoa nzi sokoni ukaleta kwangu."

"Wengine nimewatoa Kona Baridi, kule kwenye upepo."

Hapo akacheka. Alicheka bila kutaka, akafunika mdomo, na mimi nikaona upenyo. Nikaweka chupa moja kwenye barafu ili nzi walale, nikawamwaga juu ya kigae cheupe, nikamsogezea kiti mbele ya hadubini.

Hakuona kitu mwanzoni. Watu wengi hufumba jicho la kutazamia badala ya lile lingine. Kisha akasogeza kiti mbele, na nikajua amewaona.

"Wako na macho nyekundu," akasema taratibu. "Kama taa ya nyuma ya gari. Na huyu je? Huyu ni mweupe macho. Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Amezaliwa hivyo."

"Na huyu mabawa yake ni mafupi. Huyu pia ni wa sokoni?"

"Hao wote ni wa mama mmoja na baba mmoja. Ni ndugu wa chupa moja."

Aliinua uso kutoka kwenye hadubini. Mpaka leo naukumbuka uso ule. Hakuwa tena mtu aliyekuja kunifukuza.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Nikamweleza kwamba nilichukua nzi jike wa sokoni, mwenye macho mekundu na mabawa marefu, nikamkutanisha na dume wa maabara mwenye macho meupe na mabawa mafupi. Binti zao walifanana na mama yao wa sokoni, huwezi kujua wamebeba nini ndani. Lakini hao binti walipozaa, watoto wao wa kiume walitoka tofauti tofauti. Wengi walifuata upande mmoja au mwingine. Ila wachache walikuja na macho meupe ya babu na mabawa marefu ya nyanya, au macho mekundu na mabawa mafupi. Mchanganyiko ambao haukuwepo kwa yeyote kabla yao.

"Na ni baba mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Ninawafungia mwenyewe."

Aliketi kwenye kitanda changu kilichojaa makaratasi. Uji ukaanza kuungua jikoni, nikakimbia kuuepua. Niliporudi alikuwa bado amekaa palepale, na akaanza kunieleza habari ambayo nadhani alikuwa hajamweleza mpangaji yeyote.

Yeye ni Mkamba wa upande wa Machakos. Mume wake alikuwa Mmaasai, boma la kwao liko nje kidogo ya mji wa Kajiado. Walizaa binti wawili. Wa kwanza alitoka baba mtupu: mweusi, mrefu, mwembamba, hata mwendo ni wake. Wa pili alizaliwa na ngozi ya maji ya kunde iliyoelekea weupe, na macho ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Upande wa mama hakuna mwenye macho hayo, na upande wa baba walisema hawajawahi kuyaona. Mume hakujali. Alimbeba mtoto mabegani kila alipokwenda mnadani. Lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na baada ya mazishi maneno yakaanza. Shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, alisema wazi mbele ya watu kwamba yule wa pili ni wa mpangaji fulani wa zamani.

"Nilinyamaza," akaniambia. "Ningesema nini? Nikikataa, nimejitetea. Nikinyamaza, nimekubali. Basi nikaacha kwenda huko."

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Anajua. Watoto wanajua kila kitu."

Kabla hajatoka aliniuliza kama ningeweza kumwonyesha binti yake wale nzi. Habari ya mimi kuhama haikutajwa. Aliniambia tu nifungue madirisha nikipika.

Binti alipanda juu kesho yake baada ya kanisa. Alikuwa kidato cha tatu katika shule nyingine, msichana mrefu mwenye kucheka upesi, na macho yale kweli yalikuwa ya kumfanya mtu atazame mara mbili. Alikuwa katikati ya kusukwa: upande mmoja wa kichwa umekwisha, mwingine umesimama kama umeshtuka. Mkononi alikuwa na nywele za kusukia, fungu jeusi na fungu la kahawia.

"Mathe amesema uko na nzi fiti," akasema.

Alijifunza hadubini haraka kuliko wanafunzi wangu. Alitaka kujua kwa nini mchanganyiko hutokea, na mimi sikuwa na ubao. Nikamwomba zile nywele. Nikasuka msuko mmoja mweusi na mwingine wa kahawia, nikailaza sambamba mezani.

"Huu mama nzi aliupata kwa mama yake, huu kwa baba yake. Kila kromosomu ina pacha wake. Wakati mama anatengeneza yai, hizi mbili hulala pamoja hivi, hukatika mahali pamoja, halafu hubadilishana ncha." Nikakata kwa mkasi, nikaunganisha kipande cheusi na cha kahawia. "Huu mpya ndio unaingia kwenye yai. Si wa nyanya peke yake, si wa babu peke yake. Na yai linalofuata hukatika mahali pengine."

"Umekata nywele ya watu," akasema, lakini alikuwa ameushika ule msuko wa rangi mbili na hakuuachia. "Kwa hivyo mimi na sista tulikatwa mahali tofauti."

"Ndiyo. Kwa mama yako, na kwa baba yako pia."

Nilimweleza jambo ambalo huwachekesha wanafunzi wangu kila mwaka, kwamba kwa nzi hawa dume habadilishani kabisa. Ni jike tu anayechanganya. Kwa binadamu wote wawili huchanganya, mama na baba.

"Poa," akasema, "kwa sababu watu wa Kajiado wangesema ni makosa ya mathe."

Tulicheka wote. Kisha akauliza, bila kuondoa jicho kwenye hadubini, "Sasa hii inaonyesha baba yangu ni baba yangu?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilimwona alivyokaza mabega akilingoja. Lakini kazi yangu yote ni kuwahesabu nzi jinsi walivyo, si jinsi ninavyotaka wawe, na sikuweza kumpa huyu mtoto kitu kilichopungua hapo.

"Hapana," nikamwambia. "Nzi hawawezi kusema baba yako ni nani. Wanachosema ni kwamba kutofanana si ushahidi. Aliyetazama macho yako akasema wewe si wa pale, hana msingi. Hajui lolote."

Akafikiri. "Hiyo inatosha," akasema. Na tangu siku hiyo akawa anapanda juu kila Jumapili, kwa sababu zake mwenyewe.

Mimi nilikulia Kware, kule Ongata Rongai, kwenye chumba kilicho nyuma ya kibanda cha mama yangu cha matunda. Nzi hawa nimewajua kabla ya kujua kusoma. Mama aliwafukuza kwa kitambaa, mimi niliwachunguza wakitembea ukingoni mwa nanasi lililokatwa. Nilipofika chuoni na mhadhiri akaweka picha ya nzi yule ukutani akasema huyu ndiye aliyetufundisha nusu ya tunayojua kuhusu urithi, nilihisi kana kwamba amemtaja mtu wa kwetu. Swali langu la utafiti lilikuwa dogo. Nilitaka kujua kama nzi wa mahali penye joto kama Kajiado, na wa mahali penye baridi na upepo kama Kona Baridi, wanatofautiana katika kuchanganya huko. Na je, ukiwalea kwenye joto, wanachanganya zaidi?

Kwa hiyo nilihitaji nzi wa Kajiado, na ndivyo nilivyojikuta ndani ya habari ya familia ile.

Nyanya wa yule binti, mama mzazi wa marehemu baba yake, alikuwa ameanza kupoteza macho miaka mingi nyuma. Yule mjukuu wa macho ya chai, nyanya hakuwahi kumwona vizuri. Yote aliyojua kuhusu sura yake aliambiwa na wengine. Mwaka ule wajukuu walichanga na kumpeleka hospitali, akafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na jicho moja likarudi. Alipotolewa bandeji alianza kuwataja watu anaotaka kuwaona, mmoja mmoja. Simu ikapigwa Kitengela: Koko, yaani nyanya, anataka kuwaona binti za mwanawe. Wote wawili.

Mama mwenye nyumba alipanda juu na simu mkononi. "Sasa ataona mwenyewe," akasema. "Miaka hii yote alikuwa anaambiwa. Sasa ataona mwenyewe na ataniuliza."

"Utaenda?"

"Huyu mtoto ameshachagua nguo." Akatazama chupa zangu. "Wewe si unataka nzi wa Kajiado? Twende nitakuonyesha soko. Na ukiwa huko, kama watauliza, utawaeleza vile ulinieleza."

Tulikwenda Jumamosi kwa gari lake la Probox, binti wawili wamekaa nyuma, mkubwa akiwa amekuja kutoka chuo. Walibishana njia nzima kuhusu chaja ya simu. Isinya tulinunua mkate na majani ya chai. Kajiado nilishuka kwanza sokoni, nikaweka mitego yangu ya ndizi nyuma ya vibanda vya matunda, muuzaji mmoja akinitazama kwa mashaka makubwa, kisha tukaingia barabara ya vumbi hadi kwenye boma.

Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia. Mchungaji alikuwa amekuja kuomba shukrani kwa ajili ya lile jicho, mbuzi amechinjwa, vijana wanachoma nyama kando. Nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa nyumba yake ya mabati, amevaa miwani nyeusi ya hospitali. Alikuwa mdogo wa mwili, shuka mpya nyekundu imemlemea mabegani.

"Takwenya," mama mwenye nyumba akamsalimia kwa Kimaa.

"Iko," akajibu, akashika mkono wake na hakuuachia mara moja.

Binti mkubwa akainamisha kichwa, akaguswa, akabarikiwa. Kisha yule mdogo akasogea akainama. Nyanya hakumgusa. Alisema kitu kwa Kimaa, na binti mkubwa akatafsiri kwa sauti ndogo: "Anasema ainue uso, hajamwitia kuona nywele."

Shemeji mkubwa alikuwa amesimama karibu na mlango, mtu mnene mwenye koti la suti na fimbo nyembamba, na hakuficha kwamba alikuwa anangoja. Nyanya alivua miwani. Jicho lake bado lilikuwa na wekundu pembeni. Alimvuta mtoto karibu kabisa, uso kwa uso, akamtazama muda mrefu. Mama mwenye nyumba alikuwa amenishika kiwiko mpaka kikaniuma.

Nyanya akaanza kumpapasa. Akagusa kope zake, akatikisa kichwa. "Macho haya," akasema kwa Kiswahili, ili wote tusikie, "sijui yametoka wapi." Akashuka kwenye pua, akaipita. Akamwambia afungue mdomo. Akamgeuza kichwa, akashika sikio, akalipinda, akaangalia nyuma yake. Kisha akachukua mkono wake wa kulia, akaufungua, akakifuata kidole kidogo kwa kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kimepinda kuelekea ndani kwenye kiungo cha mwisho.

Akauweka mkono wake mwenyewe kando ya ule. Kidole chake kilipinda vilevile.

"Mzee wangu alikuwa ananicheka hiki kidole," akasema. "Kijana wangu marehemu alikuwa nacho. Nyinyi wote hapa, nani ako nacho?" Aliuliza kwa ukali. Watu wakatazama mikono yao kama watoto shuleni. Hata mchungaji alitazama wa kwake. Binti mkubwa, yule aliyefanana na baba yake kwa kila kitu, aliinua vidole vyake: vilikuwa vimenyooka kabisa.

"Mama," shemeji akasema, "kidole si kitu. Watu wengi wako na vidole namna hiyo." Akanigeukia mimi. Alikuwa ameshaambiwa nilikuwa nani. "Wewe unasoma hii mambo. Unaweza kuapa hapa kwamba huyu ni wa kwetu?"

"Siwezi kuapa, Mzee," nikasema. "Hicho kidole kweli wengi wako nacho. Lakini macho nayo ni hivyohivyo. Rangi inaweza kukaa kimya ndani ya ukoo vizazi na vizazi, halafu itoke kwa mtoto mmoja. Mtoto hachukui baba mzima wala mama mzima. Anachukua vipande, na ndugu yake anachukua vipande vingine. Ukitaka kumkataa kwa macho, kubali basi na kidole kiseme."

Sikujua kama nimemkosea heshima. Alikung'uta vumbi kwenye suruali kwa fimbo yake. Lakini nyanya hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa amemkalisha mjukuu wake chini, kati ya magoti yake, na anamuuliza yuko darasa gani, na kwa nini ni mwembamba hivi, na kama anajua kukamua. Mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha mtoto na ulibaki hapo hadi chai ilipoletwa.

Mama mwenye nyumba alikwenda nyuma ya gari. Nilimfuata nikamkuta ameegemea buti, analia bila sauti na kucheka kidogo. "Nimelala na huyo mwanaume miaka hiyo yote," akasema, "na sijawahi kuangalia kidole chake."

Shemeji hakubadilisha neno lake siku hiyo. Aliondoka mapema, akasema ana ng'ombe wa kuangalia. Lakini tulipokuwa tunaaga alikuwa amerudi, na alimkabidhi yule binti mguu wa mbuzi uliofungwa kwenye gazeti, akimwambia ampelekee mama yake. Hakumtazama usoni. Binti akaupokea kwa mikono miwili akasema asante, baba mkubwa. Shemeji akaitikia.

Mitego yangu sokoni ilikuwa imejaa. Muuzaji alikuwa ameilinda mwenyewe, akisema alitaka kujua mtu huiba ndizi za kuoza ili iweje.

Wale nzi wa Kajiado walizaa vizuri juu ya rafu yangu. Paa la maabara lilipokamilika niliwahamisha wote, nikarudi kulala kitandani. Utafiti ulinichukua muda mrefu kuliko nilivyopanga, kama tafiti zote, lakini jibu lilikuja: waliolelewa kwenye joto walichanganya zaidi, na wa Kajiado hawakuwa sawa na wa Kona Baridi. Siku nilipoliona sikumpigia mtu simu. Nilikaa tu nikiwatazama kwenye kigae, kila mmoja na mpangilio wake, na nikafurahi kwamba dunia ina ukaidi huu mdogo wa kutotoa nakala.

Binti yule alimaliza shule. Bayolojia aliipita, hesabu ikamsumbua, na sasa anasomea uuguzi. Likizo zake huzigawa, nusu Kitengela na nusu kwa Koko, ambaye jicho la pili nalo limefunguliwa. Wiki iliyopita alinitumia picha kutoka bomani. Wamesimama wawili karibu na ndama, wote wamekunja nyuso kwa sababu ya jua, nyanya anamfikia begani. Chini yake alikuwa ameandika: "Mwalimu, Koko anasema nimenenepa, na nikirudi nikuletee maziwa. Uko na chupa?"

Nikamjibu niko nazo.